Nikolai Pirogov: Daktari Aliyesimama Mlangoni

Ndugu zetu wa nyumbani, mlio kijijini na mlio mbali,

Kama ilivyo desturi ya kijarida chetu cha harambee, kurasa hizi za katikati tumeziweka kwa ajili ya maisha ya mtu mmoja aliyefariki zamani, ambaye kazi yake inatusaidia kuielewa kazi iliyo mbele yetu. Mwaka huu tunachangia jengo la mapokezi ya dharura katika hospitali yetu. Mtu tuliyemchagua ni Nikolai Pirogov, daktari wa upasuaji wa Urusi. Huenda baadhi yenu mnalisikia jina hili kwa mara ya kwanza, lakini madaktari wetu waliosoma huko enzi za Umoja wa Kisovyeti wanalijua vizuri, maana vyuo vya udaktari vya Moscow na Vinnytsia vinaitwa kwa jina lake.

Tumemchagua kwa sababu moja. Wengi wetu, tukiona wagonjwa wamejaa mlangoni mwa hospitali, tunasema dawa ni kuongeza madaktari na vitanda. Pirogov aliona msongamano ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona, na jibu alilotoka nalo lilikuwa jingine. Alisema kwamba pasipo utaratibu, hata madaktari wengi hawafui dafu. Jambo hilo limetufanya sisi wa kamati tubadilishe mpango wetu wenyewe, kama mtakavyoona mbele.

Mtoto wa nyumba iliyofilisika

Pirogov alizaliwa mjini Moscow tarehe 25 Novemba 1810. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali, mtunza fedha katika idara ya vifaa vya jeshi. Watoto walikuwa wengi, na wengi wao walifariki wangali wadogo. Kaka yake mmoja aliugua baridi yabisi kwa muda mrefu, wakaja madaktari mmoja baada ya mwingine bila nafuu, mpaka alipoitwa profesa mmoja mashuhuri, Efrem Mukhin, na mgonjwa akapona. Nikolai mdogo alivutiwa mno na mgeni huyu. Tangu siku hizo mchezo wake ukawa ni kujifanya daktari, akiwapima ndugu zake na hata paka wa nyumbani.

Kisha nyumba ikapata pigo. Mtumishi aliyekuwa chini ya baba yake alitoroka na fedha za serikali, na deni likamwangukia baba. Mali zikauzwa, mtoto akatolewa shule ya kulipia. Mukhin ndiye aliyeshauri kijana aingizwe Chuo Kikuu cha Moscow moja kwa moja. Umri wa kuingia ulikuwa miaka 16, naye alikuwa na 14, kwa hiyo vyeti vyake viliandikwa vikamwongezea miaka. Hiyo ilikuwa mwaka 1824. Mwaka uliofuata baba akafariki. Mama na dada zake walihangaika na vikazi vidogo vidogo ili kijana asiache masomo. Hadithi hiyo wengi wetu hatuhitaji kufafanuliwa. Wapo wanachama wetu waliosomeshwa kwa ndizi za mama na kwa mshahara wa dada.

Alihitimu mwaka 1828, akapelekwa Dorpat, mji ambao leo unaitwa Tartu nchini Estonia, kuandaliwa kuwa profesa. Akaenda Berlin kuongeza ujuzi. Mwaka 1836, akiwa na umri wa miaka 25, akapewa kiti cha profesa wa upasuaji huko Dorpat.

Hapo alifanya jambo ambalo viongozi wachache hulifanya. Mwaka 1837 na tena mwaka 1839 alichapisha kitabu cha habari za wodi yake, na ndani yake akaandika makosa yake mwenyewe: mgonjwa fulani nilimkata nisipopaswa kumkata, fulani nilichelewa, fulani alifariki kwa sababu sikumwelewa. Wenzake walishangaa. Wakati ule daktari aliandika ushindi wake tu, na waliokufa walizikwa na siri zao. Pirogov aliona kwamba kosa lililofichwa litarudiwa na daktari mwingine kesho, na mgonjwa mwingine atalipa.

Hospitali ya vitanda elfu moja

Mwaka 1841 alihamia St. Petersburg, kwenye Chuo cha Madaktari na Wapasuaji wa Jeshi, akakabidhiwa upasuaji katika hospitali ya kijeshi yenye vitanda kama elfu moja. Kwa kutazama kutoka nje ungesema amepewa utajiri. Kwa ndani alikuta balaa. Mtu aliyekatwa vizuri leo, baada ya siku chache kidonda kilianza kuoza, na kuoza huko kulihama kutoka kitanda hadi kitanda. Bendeji zilitolewa kwa mgonjwa mmoja zikafungwa kwa mwingine. Dawa zilipungua njiani kati ya stoo na wodi, na nyama haikufika yote chunguni.

Wakati huo ilikuwa bado haijajulikana kwamba vijidudu ndivyo vinavyoozesha vidonda. Pirogov hakuwa na chombo cha kumwonyesha adui. Alikuwa na macho na daftari. Aliona kwamba vidonda huoza zaidi pale wagonjwa wanaposongamana, basi akawatenga wenye vidonda vilivyooza katika jengo lao, akataka wawe na wahudumu wao na bendeji zao. Akagombana na wakuu wa stoo, akaandika barua, akachukiwa. Hakushinda vita vyote. Lakini humo ndimo alimojifunza kwamba hospitali inaweza kuwa na daktari bingwa na bado ikaua watu, ikiwa anayeshika funguo na anayepanga vitanda hawafanyi kazi yao.

Mwaka 1847, dawa ya usingizi iitwayo etha ilipokuwa ngeni kabisa duniani, Pirogov alikwenda nayo vitani kwenye milima ya Kaukazi. Kule Salta, katika Dagestan, majeruhi walilazwa juu ya majukwaa ya mawe yaliyotandikwa majani makavu, naye akapasua amepiga magoti. Kwa kuwa askari waliiogopa dawa hiyo, aliwaruhusu majeruhi wengine wakae watazame mwenzao akipasuliwa bila kulia. Hofu ikaisha. Aliporudi mji mkuu akitarajia kuulizwa juu ya kazi hiyo, waziri wa vita alimkaripia kwa kuvaa sare isiyo sahihi. Alivunjika moyo akataka kuacha kazi. Aliyemtuliza ni mwanamke mmoja wa ukoo wa kifalme, Elena Pavlovna, shemeji yake Tsar. Tukumbuke jina hilo.

Sevastopol

Mwaka 1854 Urusi ilikuwa vitani na Uturuki, Uingereza na Ufaransa katika rasi ya Krimea, na mji wa bandari wa Sevastopol ulikuwa umezingirwa. Ndiyo vita ile ile ambayo Florence Nightingale alihudumu upande wa pili, ng'ambo ya bahari, kule Scutari. Pirogov aliomba kwenda. Alifika mwezi Novemba, majuma machache baada ya pigano kubwa la Inkerman.

Alikuta majeruhi zaidi ya elfu mbili wamerundikwa pamoja. Walilala juu ya magodoro yaliyolowa damu na uchafu, aliyevunjika mfupa karibu na aliyeoza kidonda, anayekata roho karibu na aliyekwaruzwa. Wengi walitakiwa wapasuliwe siku ile ile ya pigano, nao walikuwa bado wanangoja. Kwa muda wa siku kumi hivi Pirogov alipasua kutoka asubuhi hadi jioni, akilipa deni la majuma yaliyopita.

Mtu mwingine angeendelea hivyo hivyo, angesifiwa kwa bidii yake, na angekufa kwa uchovu. Pirogov alikaa akajiuliza kwa nini deni lile lilikuwepo. Madaktari walikuwepo. Visu vilikuwepo. Jibu aliliona wakati wa mashambulizi, majeruhi walipoletwa mamia kwa mamia ndani ya saa chache. Machela ziliingia mfululizo, kila mbebaji akaweka mzigo wake palipo na nafasi. Madaktari walimkimbilia anayepiga kelele zaidi, wakamwacha katikati, wakamkimbilia mwingine aliyepiga kelele zaidi yake. Afisa aliletwa, wote wakamzunguka. Mwenye jeraha dogo aliyeingia mapema alifungwa vizuri kabisa, na aliyekuwa akivuja damu kimya kimya kule pembeni alifariki bila kuonwa. Jioni kila daktari alikuwa amechoka hoi, na hakuna aliyeweza kusema ni nini kilichofanyika.

Sehemu kuu ya kupokelea majeruhi ilikuwa Jumba la Mikutano la mabwana wa mji, lenye ukumbi mkubwa wa dansi. Humo Pirogov aliweka sheria mpya. Hakuna daktari aliyeruhusiwa kushika kisu mpaka majeruhi wamepangwa. Alisimama karibu na mlango, yeye mwenyewe, profesa aliyekuwa na jina kuliko wapasuaji wote wa Urusi, akamtazama kila anayeingia kwa muda mfupi na kusema aende wapi. Kwa ufupi makundi yalikuwa manne.

Kundi la kwanza ni waliokuwa hawawezi kuokolewa. Hao walipelekwa nyumba ya pembeni, penye utulivu, wakahudumiwa na akina dada na padri, wakapewa maji na dawa ya kupunguza maumivu.

Kundi la pili ni wale ambao saa moja ingeamua uhai wao. Hao walibaki pale pale ukumbini na kupanda mezani mara moja.

Kundi la tatu ni waliohitaji kupasuliwa lakini wangeweza kungoja hadi kesho, au kufungwa vizuri na kusafirishwa.

Kundi la nne ni wenye majeraha madogo. Hao walifungwa bendeji na kurudishwa kwenye vikosi vyao, wasizibe njia.

Madaktari nao aligawanya. Baadhi walipanga, baadhi walipasua katika meza kadhaa kwa wakati mmoja, baadhi walifunga vidonda, na kila mmoja alijua mahali pake. Kelele hazikuwa tena ndizo zinazoamua nani ahudumiwe. Hata cheo hakikuamua. Katika hili Pirogov hakuwa wa kwanza duniani. Kabla yake Mfaransa Dominique-Jean Larrey, daktari wa majeshi ya Napoleon, alikwisha kusema kwamba aliyeumia vibaya ahudumiwe kwanza bila kujali cheo chake. Pirogov aliifanya kanuni hiyo iwe mpango wa jengo zima, kuanzia mlangoni hadi stoo.

Tusifikiri ilikuwa rahisi. Kumtazama kijana wa miaka ishirini na kusema apelekwe nyumba ya pembeni ni mzigo ambao hakuna shule inayomzoesha mtu. Pirogov aliubeba mwenyewe mwanzoni, hakuwatwika wadogo zake. Hapo tunaona kiongozi ni nani.

Akina dada na funguo za stoo

Mwaka huo huo wa 1854 Elena Pavlovna alianzisha jumuiya ya akina dada wa huruma, kundi la kwanza kama thelathini hivi, akamkabidhi Pirogov awaongoze kule Krimea. Wakubwa wengi wa jeshi walicheka. Walisema wanawake karibu na mizinga wataleta fujo. Pirogov aliwagawia kazi waziwazi: wengine kufunga vidonda, wengine dawa, wengine chakula, nguo na stoo. Na hili la mwisho ndilo lililowauma wengi, kwa sababu tangu funguo zilipoingia mikononi mwa akina dada, divai, chai na bendeji zilianza kumfikia mgonjwa. Baadhi ya akina dada hao walifariki kwa homa ya matumbo na ya chawa walizoambukizwa kazini. Mmoja wao, Ekaterina Bakunina, alikuwa miongoni mwa watu wa mwisho kuvuka daraja la kuelea mji ulipoachwa mwezi Septemba 1855.

Kulikuwa na jambo la tatu, nalo ndilo linalosahaulika. Pirogov aliona kwamba kupanga watu mlangoni hakufai kitu ikiwa nyuma hakuna pa kuwapeleka. Ukumbi hujaa si kwa sababu wanaoingia ni wengi tu, bali kwa sababu wanaopaswa kutoka hawatoki. Kwa hiyo alipigania magari ya kukokotwa ya kuwahamisha majeruhi kwenda Simferopol na mbali zaidi, wasambazwe katika miji mingi badala ya kurundikwa mmoja. Safari hizo zilikuwa za mateso, katika matope na baridi, na aliandika malalamiko makali juu ya magari yasiyo na paa na watu wasio na mablanketi. Bakunina aliongoza akina dada waliosafiri na misafara hiyo. Kwa mifupa iliyovunjika Pirogov alitumia hogo la plasta, akiwa miongoni mwa madaktari wa kwanza kulitumia vitani, na watu wengi ambao zamani wangekatwa miguu waliweza kusafiri wakiwa na miguu yao.

Usiku wetu wenyewe

Hapa tunaomba tuache Krimea kidogo.

Wengi mnaukumbuka usiku ule wa masika, gari la mizigo lililokuwa likirudisha watu kutoka gulioni lilipopinduka kwenye kona. Sisi kadhaa wa kamati tulikuwepo. Tuliwabeba majeruhi kwa pikipiki, kwa migongo, kwa mlango uliong'olewa ukafanywa machela. Hospitalini palikuwa na daktari mmoja wa zamu na wauguzi wawili, nao walifanya kazi mpaka jua likachomoza. Hatuna neno baya juu yao.

Lakini tuseme ukweli juu yetu. Sisi ndugu tulijaa mlangoni hata machela hazikupita. Kila mmoja alimvuta muuguzi aende kwa mtu wake. Mmoja wetu alimpigia simu jamaa yake anayefanya kazi humo ndani, na mgonjwa wetu aliyevunjika mkono akaingizwa mapema. Mama aliyekatwa na kioo usoni alipiga mayowe, na sote tukamkimbilia kwa sababu damu ilionekana. Na kule ukumbini alikuwepo kijana ameegemea ukuta, amejishika tumbo, hasemi kitu. Tulimpita mara nyingi. Mmoja wetu alimpa maji. Alipoteleza akaanguka ndipo tulipogutuka, na ilikuwa tumechelewa. Alikuwa akivuja damu ndani kwa muda wote ule. Jina lake hatuliandiki hapa kwa heshima ya wazazi wake, ambao nao watasoma kijarida hiki, na ambao walikuwa wa kwanza kutoa mchango wao mwaka huu.

Kwa miezi mingi tulisema kijana yule alikufa kwa uhaba wa madaktari. Baada ya kuyasoma maisha ya Pirogov tumeona si hivyo tu. Alikufa kwa sababu mlangoni hapakuwa na mtu wa kumtazama kila anayeingia, aliye kimya na anayelia, na kusema nani aende kwanza. Mikono ya kumwokoa ilikuwepo hatua ishirini kutoka pale. Ilikuwa imeshikwa na mkono uliovunjika, na aliyeishika ni sisi.

Kijijini Vyshnia

Baada ya vita Pirogov aliacha ualimu wa upasuaji. Mwaka 1856 aliandika makala mashuhuri juu ya elimu, akisema shule imfanye mtoto kuwa binadamu kwanza kabla ya kumfanya mtaalamu. Akapewa kusimamia elimu katika mkoa wa Odessa, kisha Kyiv, ambako alisaidia kuanzishwa shule za Jumapili kwa watu maskini. Wakubwa walimwona ni mtu wa kusema sana, na mwaka 1861 akaondolewa.

Alikwenda kuishi kwenye shamba lake katika kijiji cha Vyshnia, karibu na Vinnytsia, katika nchi ya Ukraine ya leo. Aliondoka mara chache: kuwalea wanafunzi wa Kirusi waliokuwa Ujerumani, kumtibu Garibaldi wa Italia aliyekuwa na risasi mguuni, na kukagua hospitali za vita mwaka 1870 na mwaka 1877. Muda mwingine aliishi kijijini, akawatibu wakulima bila malipo.

Huko kijijini aliona jambo lililomthibitishia yote ya zamani. Alipasua wakulima katika hospitali yake ndogo, na wengine akawalaza katika nyumba za wanakijiji, mmoja hapa, mwingine pale. Vidonda vyao vilipona vizuri kuliko alivyozoea kuona katika hospitali kubwa ya mji mkuu, yenye maprofesa na vitanda elfu. Hapakuwa na dawa mpya. Kilichokosekana ni msongamano. Sisi tuliozaliwa vijijini hatuna budi kulishika hilo, maana tumezoea kudhani kila kilicho bora kiko mjini.

Mwezi Mei 1881 Moscow ilimfanyia sherehe ya kutimiza miaka 50 ya kazi. Wakati huo alikuwa tayari na kidonda mdomoni, nacho kilikuwa saratani. Alifariki Vyshnia tarehe 5 Desemba mwaka huo huo. Mwili wake ulihifadhiwa kwa dawa, na mpaka leo umelazwa katika kanisa dogo pale kijijini, na nyumba yake ni makumbusho.

Tunachoomba mwaka huu

Leo kazi ile ya mlangoni inafundishwa dunia nzima. Hospitali nyingi zinatumia rangi: nyekundu kwa asiyeweza kungoja, njano kwa anayeweza kungoja kidogo, kijani kwa anayeweza kungoja zaidi. Nchini kwetu Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura mwaka 2010, na madaktari bingwa wa fani hiyo sasa wanafundishwa hapa hapa nyumbani. Ujuzi upo. Unachohitaji ni mlango wa kuingilia kwetu.

Mpango wetu wa kwanza, kama mlivyouona mwaka jana, ulikuwa kujenga chumba kikubwa chenye vitanda vingi. Tumeubadilisha. Baadhi ya wanachama wameuliza, tena kwa haki, kwa nini vitanda vimepungua kwenye mchoro. Jibu ni kwamba fedha za vitanda hivyo tumezielekeza kwenye mambo matatu. Kwanza, sehemu ya kupangia wagonjwa mlangoni, yenye meza, taa, kipimo cha presha na machela za magurudumu, pamoja na mafunzo ya wauguzi watakaokaa hapo usiku na mchana. Pili, njia mbili, moja ya machela na moja ya ndugu, na banda la ndugu kusubiria lenye mabenchi na maji. Tatu, matengenezo ya gari la wagonjwa, ili anayetakiwa kwenda hospitali ya rufaa asilale ukumbini siku mbili, na anayeweza kutibiwa katika zahanati ya kijijini kwake arudishwe huko.

Tunajua mafunzo ya wauguzi hayana jiwe la msingi la kuandikwa jina la mchangiaji. Kitanda kina. Mtu akitoa kitanda, huja akakiona na kupiga nacho picha. Akitoa fedha za kumfundisha muuguzi kumtambua anayevuja damu kimya kimya, hataona kitu. Tunaomba mtoe hivyo hivyo.

Fomu za ahadi ziko ukurasa wa mwisho, pamoja na majina ya wawakilishi wetu katika kila kata na katika kila mji wenye watu wetu. Mwenye fedha alete fedha. Mwenye tofali, mchanga, mbao au nguvu za siku mbili alete hivyo. Kibaba hujazwa na haba na haba, na ukumbi wa shule yetu ya sekondari ni shahidi.

Pamoja na mchango huo tunaomba ahadi nyingine isiyo ya fedha, nayo tumeiandikia mstari wake kwenye fomu. Kila mmoja wetu aahidi kwamba siku atakapompeleka mgonjwa wake pale, hatampigia simu jamaa aliye ndani, hatasukuma mlango, na atakubali aliye hoi kuliko wake atangulie, hata kama hamfahamu na hata kama anatoka kijiji kingine. Ahadi hii ni ngumu kuliko fedha. Sisi wa kamati tumeitia saini kwanza, kwa sababu usiku ule sisi ndio tulioshindwa.

Karibuni wote kwenye harambee. Wazazi wa yule kijana ndio watakaochimba udongo wa kwanza wa msingi.

Ni sisi, ndugu zenu wa kamati ya maendeleo.